Namba Iliyomkanusha Fermat

Chukua namba 4,294,967,297. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Tuanze na vipimo vya darasani. Inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, ambayo haigawanyiki kwa 3. Basi na yenyewe haigawanyiki kwa 3. Hapo tumeondoa tasa tatu tu. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo mno, na chini ya hapo kuna tasa zaidi ya 6,500 za kujaribu.

Namba hii ina asili yake. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hesabu, alianza na 2, akawa anazidisha kila jibu kwa lenyewe: 2, 4, 16, 256, 65,536. Ukiongeza 1 kwa kila moja unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Mwaka 1640 Fermat akaeleza imani yake kwamba hata zinazofuata ni tasa. Inayofuata ndiyo hii yetu: 65,536 × 65,536, ongeza 1.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Tunaweza kuhakiki kwa kalamu na karatasi, tukifuata baki tu.

Gawanya 65,536 kwa 641: unapata 102, baki 154. Maana yake:

65,536 = 641 × 102 + 154

Ukizidisha jumla hiyo kwa yenyewe, kila kipande cha jibu kitakuwa na 641 ndani yake, isipokuwa kimoja: 154 × 154. Kwa hiyo hicho peke yake ndicho kinachoamua baki. Nacho ni 23,716. Sasa tazama: 641 × 37 = 23,717. 23,716 imepungukiwa na 1 tu! Namba yetu ina ile 1 ya nyongeza. Iweke, upungufu unajazwa, na baki inakuwa 0. Kwa ukamilifu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Kwa nini 641? Kama Euler alivyokuja kuthibitisha, tasa yoyote inayoigawanya namba hii, ukiigawanya kwa 64, lazima ibaki 1. Tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano linatoa jibu.

Mifano mitano iliyokubali haikutosha kuthibitisha kanuni. Mmoja uliokataa ulitosha kuivunja. Na hadi leo, katika mfuatano huo wa Fermat, hakuna tasa nyingine iliyopatikana baada ya 65,537.