Chupa ya Mafuta na Mkopo wa Simu

Somo la wiki: 2 Wafalme 4:1-7. Soma pia Nehemia 5:1-13.

Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinivuta kando akaniuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema, "Pasta, nimeomba, nimefunga, nimetoa. Mbona ikifika tarehe 20 bado nakopa unga?" Siku hiyo sikumjibu vizuri. Nilimwekea mikono nikamwombea, akaenda zake. Leo nataka kumjibu, na najua hayuko peke yake kwenye viti vyetu.

Kwanza tukubali kwamba bei zimepanda kweli. Usijilaumu kwamba imani yako ndiyo imeshuka. Kila tarehe 14 ya mwezi tunangoja EPRA itangaze bei ya petroli na dizeli, na wakitangaza usiku, kesho asubuhi makanga ameshajua. Julai 2023 VAT ya petroli ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na kufikia Septemba mwaka huo lita moja ilikuwa imepita shilingi 200 hapa Nairobi. Wewe huna gari, lakini viazi vyako vilipanda lori Nyandarua, na kabichi pia. Kwa hivyo unanunua dizeli kila siku kwa mama mboga bila kujua. Aliyeajiriwa naye aangalie karatasi yake ya mshahara: SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kwa mshahara wa 30,000 hizo mbili pekee ni shilingi 1,275, na bado hatujagusa NSSF. Kwa wengi wetu hiyo ni nauli ya wiki nzima. Mtu akikuambia shida yako ni uvivu, mwonyeshe hiyo hesabu.

Sasa tuingie kwenye Neno.

Mama wa 2 Wafalme 4 hakuwa mke wa mlevi. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, na akafa akiwa na deni. Mimi kama mtumishi, kila nikifika hapo natulia kidogo. Anayemdai amekuja, na hatachukua meza wala kochi, anataka kuchukua vijana wawili wawe watumwa. Mama analia kwa Elisha. Elisha naye anamuuliza maswali mawili: anataka afanyiwe nini, na ndani ya nyumba kuna nini.

Angalia jinsi yule mama anavyojibu. Anaanza kwa kusema hana kitu kabisa, halafu kabla hajamaliza kusema anakumbuka chupa ya mafuta. Sisi wote tuko hivyo. Shida ikikaa sana nyumbani, mtu huacha kuhesabu. Anasema "sina" kwa mazoea. Elisha alimlazimisha afanye kile ambacho sisi wa biashara tunakiita kuhesabu stoki, na ni kazi chungu, kwa sababu ukihesabu ulicho nacho lazima pia uhesabu unachodaiwa.

Niseme yangu. Nimesoma biashara chuo kikuu, miaka minne. Naweza kukusomea hesabu za kampuni ukurasa kwa ukurasa. Lakini mwaka tuliopata mtoto wetu wa pili, nilikuwa nakopa kwa simu sehemu tatu tofauti, nakopa hapa nalipa pale, na mke wangu hajui. Nilikuwa nikimwambia tuko sawa. Siku moja alichukua simu yangu anunue tokeni za stima, ujumbe wa deni ukaingia akiwa ameishika. Hakupiga kelele. Alichukua daftari la mtoto, akafungua ukurasa wa nyuma, akaniambia, "Andika zote." Niliandika. Zilifika shilingi 38,400. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha darasa la uwakili kila Jumapili ya pili ya mwezi! Niliona haya kuliko siku nyingine yoyote ya ndoa yangu, lakini usiku huo ndio nililala usingizi mzuri baada ya miezi.

Kwa hivyo ninaposema jambo hili la mikopo ya simu, sikuhukumu. Nakuonyesha tu hesabu. Chukua mkopo wa shilingi 5,000 unaotozwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Ni shilingi 375, na mtu anaona ni kidogo. Mwezi unaofuata unalipa, na siku hiyo hiyo unakopa tena kwa sababu umebaki mikono mitupu. Ukifanya hivyo mwaka mzima umetoa shilingi 4,500 na bado zile 5,000 unadaiwa. Umenunua deni lile lile mara 12.

Sasa fungua Nehemia 5. Kulikuwa na njaa. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa fedha walipe kodi ya mfalme, wengine watoto wao wameshaingia utumwani. Ni kama umeandikiwa mtaa wetu. Nehemia alikasirika, na hakuwakasirikia waliokopa. Aliwakasirikia wakuu waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba, akawaita mbele ya mkutano, akawaambia warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyotoza. Wafasiri wengi huichukua kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Asilimia 1, na mtu wa Mungu aliita mkutano! Ukiendelea mpaka mstari wa 14 utaona Nehemia mwenyewe, akiwa gavana, alikataa posho ya chakula aliyostahili kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Juni 2024 vijana wetu walipotoka barabarani kwa ajili ya Muswada wa Fedha, wazazi wengine waliniuliza kama Biblia ina la kusema juu ya kodi na njaa. Ina. Soma sura hiyo na mtoto wako.

Lakini hata gavana mwema huchukua muda kufika, na kesho asubuhi kuna chai ya kupikwa. Turudi kwa yule mama.

Elisha alimtuma kwa majirani kutafuta vyombo. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko lugha nyingine nilizosomea. Tuna neno kukopa na tuna neno kuazima. Ukikopa unga unarudisha unga mwingine, na ukikopa pesa unarudisha na faida. Ukiazima sufuria unarudisha sufuria ile ile, ukiwa umeiosha. Mama huyu alikuwa ameingia shida kwa kukopa, na Mungu akamtoa kwa kuazima. Na aliambiwa aazime kwa majirani wote, tena vyombo vingi. Fikiria aibu ya siku hiyo. Mlango baada ya mlango, mjane wa nabii anaomba ndoo tupu. Mtaa mzima ulijua mambo yake si mazuri.

Mimi naamini aibu ndiyo inayofanya mkopo wa simu uwe mtamu. Simu haikuangalii usoni. Unakopa saa nane usiku ukiwa chooni na hakuna anayejua. Jirani atajua, dada wa ushirika atajua, kwa hivyo tunaona afadhali tulipe riba kuliko kujulikana. Wapendwa, hiyo aibu ina bei, na tumeshaiona hapo juu: 375 kila mwezi.

Juzi nilifanya jaribio nyumbani. Nilinunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, yale ya shilingi 20, nikayapima kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya mtoto. Yalikuwa mililita 50. Lita moja ni vipimo 20 vya namna hiyo, yaani shilingi 400. Kwenye duka lile lile chupa ya lita ilikuwa 320. Anayenunua kadogo ndiye anayelipa zaidi, na hanunui kadogo kwa sababu hajui hesabu, hana 320 siku hiyo. Najua. Lakini watu wanne kwenye ploti moja, kila mmoja na 80 yake, wanayo. Ndiyo vyombo vya majirani hivyo. Gunia la mahindi likigawanywa kwa nyumba sita na kupelekwa kisiagi, au mtu mmoja akitumwa Marikiti alfajiri na pesa za wote, inawezekana. Akina mama wa ushirika mmoja hapa kwetu walianza na vitunguu tu. Waligombana mara moja kuhusu vilivyooza, wakakubaliana vilivyooza vigawanywe pia, na wanaendelea.

Halafu mlango ukafungwa. Mama na wanawe ndani. Napenda kwamba wale vijana hawakufichwa. Wao ndio waliokuwa wakimsogezea vyombo, na mmoja ndiye aliyemwambia vimekwisha. Mtoto wa gredi ya sita anaweza kuelewa ukimwambia mwezi huu ni chai ya rangi na kwa nini. Asichoelewa ni baba kununua soda Jumapili na kukasirikia daftari la shule Jumatatu.

Mwisho Elisha akampa mpango: auze mafuta, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa yatakayobaki. Deni lilitangulia matumizi. Na hapa niseme jambo ambalo wengine hamtalipenda. Mwezi uliopita ndugu mmoja aliniuliza kama atoe karo ya mtoto iwe mbegu, ili Mungu amfungulie mlango. Nilimwambia apeleke karo shuleni. Najua mtanikumbusha mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17, aliyempa Eliya mkate kwanza, na ni kweli alifanya hivyo kwa neno la Bwana. Lakini mjane huyu wa Elisha hakuombwa hata tone, na yote mawili yako kwenye Biblia moja. Fungu la kumi nafundisha na natoa. Ila pesa ya mwenye nyumba au ya mwenye duka aliyekuamini si yako, na huwezi kumtolea Mungu kitu cha mtu mwingine.

Mama ulioniuliza lile swali, naomba unisamehe kwa kukuombea haraka nikakuacha uende. Ningekuuliza kwanza nyumbani kuna nini.

Kazi ya wiki hii. Kabla ya Jumatano, kaeni chini nyumbani, mume na mke, au wewe na watoto wako, au wewe na rafiki mmoja unayemwamini kama unaishi peke yako. Andikeni kwenye karatasi kila mnachodaiwa, mpaka deni la mama mboga, na kando yake kila kilichomo ndani ya nyumba, ikiwemo kazi ya mikono mnayoijua na mmeacha kuihesabu. Karatasi hiyo ni yenu, msiilete kanisani. Kwenye ushirika wa nyumbani Jumatano tutajadili jambo moja tu: ni kitu gani ambacho kila nyumba ya ushirika wenu hununua kila wiki, na kingegharimu kiasi gani mkinunua pamoja. Anayejua bei za alfajiri pale Marikiti aje nazo. Na kama kuna mtu ana mzani mkubwa, ushirika wetu unauazima.