Mada ya 7: Vihatarishi vya Kifo kwa Mgonjwa wa Kifua Kikuu cha Mapafu

Ukikutana na swali, "Eleza vihatarishi vya kifo kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu", lisome mara mbili kabla ya kushika kalamu. Watahiniwa wengi hukimbilia kuandika msongamano wa watu, nyumba zisizopitisha hewa na kukohoa bila kuziba mdomo. Hayo ni majibu ya swali jingine, yaani namna mtu anavyoambukizwa. Hapa mtu ameshaugua. Unaulizwa kwa nini mgonjwa mmoja hupona na mwingine hufariki, ilhali dawa ni zile zile na hapa Tanzania hutolewa bure.

Kumbuka mambo ya msingi. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Asipotibiwa, karibu nusu ya wagonjwa hufa. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli), kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi.

Sasa chukua mfano wa kubuni. Mkulima wa mpunga wa Kasansa, kata iliyo katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, anaanza kukohoa wakati wa palizi. Ananunua dawa ya kikohozi dukani. Kikohozi hakiishi, jirani anamwambia amelogwa, naye anakwenda kwa mganga. Mvua inaharibu njia. Halafu mpunga unaiva, na nani atavuna akiondoka? Anafika kituo cha afya baada ya miezi minne, amekonda na anatema damu. Makohozi yanapimwa, dawa zinaanza siku hiyo hiyo. Anafariki wiki ya tatu.

Ndugu watasema dawa zimemuua. Wewe usiandike hivyo. Sehemu kubwa ya vifo vya wagonjwa walioanza matibabu hutokea katika miezi 2 ya mwanzo, kwa sababu dawa huua bakteria lakini haziwezi kurudisha haraka mapafu yaliyokwisha kutoboka. Kihatarishi hapa ni kuchelewa kugunduliwa. Ndiyo maana mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi anatakiwa kupimwa makohozi. Mtu mwenye VVU hasubiri hata hizo wiki 2: akikohoa, apimwe.

VVU ndicho kihatarishi kinachotajwa zaidi, lakini wachache hukieleza vizuri. Sababu ya kwanza inajulikana: kinga ya mwili imeshuka, hivyo bakteria huenea hata nje ya mapafu. Ya pili husahaulika: mgonjwa mwenye kinga ndogo mara nyingi hutoa makohozi yenye bakteria wachache, hadubini haiwaoni, na anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo VVU huua pia kwa kuchelewesha utambuzi. Kipimo cha vinasaba, kinachotoa majibu kwa takribani saa 2, kimepunguza tatizo hili, na huonyesha pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini.

Utapiamlo huenda pamoja na ugonjwa huu kwa pande zote mbili: njaa hudhoofisha kinga, na ugonjwa huondoa hamu ya kula. Mgonjwa anayeanza dawa akiwa na uzito mdogo sana yuko hatarini zaidi. Taja pia kisukari, umri mkubwa, na ulevi, ambao huchosha ini wakati ini hilo hilo linashughulikia dawa kali. Mchimbaji mdogo wa dhahabu, kama wale wa maeneo ya Mpanda, aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi huugua akiwa na mapafu yaliyokwisha kuchakaa.

Kuacha dawa na usugu wa dawa usivichanganye. Mgonjwa hujisikia nafuu baada ya wiki chache, anaacha; bakteria waliobaki huzaliana tena, na baadhi huweza kuwa sugu. Lakini mtu anaweza pia kuambukizwa bakteria sugu moja kwa moja, bila kuwahi kukatisha dozi. Nchini, matibabu ya usugu yalianzia Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009.

Jipime

1. Mgonjwa ana kilo 38, ana VVU, na amekohoa kwa miezi mitatu. Eleza jinsi kila jambo linavyomwongezea hatari ya kufa. (alama 6)

2. "Mgonjwa alikufa kwa sababu alianza dawa." Pinga kauli hii. (alama 4)

Kidokezo: katika swali la 1, kutaja tu kihatarishi ni alama moja, ya pili hutoka kwenye sentensi inayoanza na "kwa sababu".