Mtoto Unayempakata Garini

Unatoka Bugarama kwenda Ngara mjini au Biharamulo. Umepanda lile gari dogo ambalo watu huliita mchomoko. Kiti cha mbele kimekaliwa na watu wawili. Mmoja ni mama aliyempakata mtoto wake. Amemshika kwa mikono miwili na anaona mtoto yuko salama. Je, yuko salama kweli?

Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Wengi huuona mwendo huo kuwa mdogo. Mbele kuna lori la Rusumo limeharibika, limesimama barabarani. Gari linaligonga kwa mbele na kusimama ghafula. Lakini wewe husimami. Mwili wako unaendelea kwenda kwa mwendo ule ule mpaka ugonge kitu. Dereva hugonga usukani kwa kifua. Aliye kando yake hugonga kioo kwa kichwa. Aliyekaa nyuma humwangukia wa mbele. Pigo hilo ni sawa na la mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti wenye urefu wa mita 10.

Na yule mtoto? Mtoto wa kilo 10 huvuta mikono ya mama kama magunia mawili ya mahindi, tena kwa mara moja. Hakuna mama awezaye kushika uzito huo, hata awe na nguvu za kulima ekari nzima.

Basi, kaa na mtoto kiti cha nyuma. Kiti maalumu cha mtoto ndicho bora, ingawa katika mchomoko hutakiona. Usijifunge pamoja naye mkanda mmoja, maana mwili wako utamkandamiza. Mkanda ni wa mtu mmoja. Upite begani na kifuani, na sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Mama mwenye mimba aupitishe chini ya tumbo. Kwa waliokaa mbele, mkanda hupunguza vifo karibu nusu.

Baada ya ajali, mtu huweza kusimama na kusema, "Mimi ni mzima." Mwangalieni. Akitoka jasho baridi, akiona kiu sana, au tumbo likiuma na kuwa gumu, huenda damu inavuja ndani. Msimpe maji wala chakula. Mpelekeni upesi hospitali iliyo karibu, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo.