Wajibu wa Walimu katika Kazi za Mtihani Zifanywazo Shuleni

Kila mwaka, mwezi wa Novemba ufikapo, watu wa Malindi na Kilifi huona karatasi za mtihani wa KCSE zikitolewa asubuhi na mapema katika kontena la chuma, zikachukuliwa na walimu wakuu huku askari wakizisindikiza mpaka shuleni. Kontena hilo hufungwa kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja hukaa kwa ofisa wa utawala na wa pili kwa ofisa wa elimu, wala hakuna kati yao awezaye kulifungua peke yake. Ulinzi huo uliwekwa baada ya mitihani ya mwaka 2015 kuvuja kwa wingi, jambo ambalo liliifanya Serikali ivunje Baraza la Mitihani lililokuwapo, mwezi wa Machi 2016.

Lakini iko sehemu ya mtihani huo huo ambayo haifungiwi katika kontena wala hailindwi na askari. Nayo ni kazi ya mradi. Mtahiniwa wa Kilimo hupanda mimea au hufuga wanyama kwa mikono yake. Mtahiniwa wa Kompyuta hutengeneza programu yake hatua kwa hatua. Mtahiniwa wa Sanaa au wa Useremala huunda kitu kinachoonekana na kushikika. Baraza la Mitihani hupeleka maagizo shuleni mapema katika mwaka, na kazi hufanywa kwa miezi kadhaa. Msimamizi wake ni mwalimu wa somo, na mtoaji wa alama ni mwalimu huyo huyo. Basi mlinzi wa sehemu hii ya mtihani si kufuli, ila ni uaminifu na utaratibu wa watu wa shule.

Sababu ya kuwapa walimu amana hii

Yako mambo ambayo karatasi ya maswali haiwezi kuyapima. Mtu aweza kuandika vizuri sana kwamba mistari ya mahindi huachana kwa sentimita 75, naye hajapata kushika jembe. Tena mimea haimngojei mkaguzi. Kuota kwa mbegu huonekana katika siku zake, palizi huonekana katika juma lake, na shamba likisha kuvunwa hakuna ajuaye ni nani aliyelilima. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mtu anayekiona chombo kikielea hawezi kumtambua fundi wake. Aliyekuwapo wakati wa kuunda ndiye ajuaye. Katika kazi ya mradi, yule aliyekuwapo ni mwalimu.

Mwalimu mkuu

Mwalimu mkuu ndiye mwenye kuulizwa juu ya mtihani wote shuleni kwake. Yampasa kuyapokea maagizo ya Baraza, kuyasoma mwenyewe, na kuyakabidhi kwa walimu wa masomo bila kukawia, maana kila juma linalopotea ofisini hupunguza wakati wa mtahiniwa. Yampasa pia kuona kwamba vifaa vipo: mbegu, mbolea, maji, mbao, na kompyuta zinazofanya kazi. Si haki kumpima mtoto katika kazi ambayo hakupewa nyenzo zake.

Jambo jingine ni zito zaidi. Mwalimu mkuu asimshurutishe mwalimu wa somo aongeze alama ili shule isifiwe. Amri ya namna hiyo hata ikitolewa kwa mdomo tu, au kwa utani, humfundisha mwalimu kwamba daftari lake la alama ni kitu cha kuchezewa.

Mkuu wa idara

Kazi ya mkuu wa idara ni kalenda na mizani. Kalenda ni kupanga tangu mwanzo siku ya kila hatua: kutayarisha ardhi, kupanda, kupalilia, kutia mbolea, kuvuna. Mizani ni kuhakikisha kwamba walimu wawili wa somo moja wanapima kwa kipimo kimoja. Njia iliyo rahisi ni kila mmoja kuzipima tena kazi chache za wanafunzi wa mwenzake bila kutazama alama za kwanza. Alama zikitofautiana sana, wakae pamoja na kulirudia agizo la Baraza mpaka waelewane. Kazi hiyo ifanywe wakati mimea ingali shambani.

Mwalimu wa somo

Mwalimu wa somo ana wajibu wa kueleza maagizo kwa maneno yanayofahamika, kuitembelea kazi ya kila mtahiniwa, na kuandika alama siku ile ile anapoiona hatua. Mwalimu anayengoja mpaka tarehe ya mwisho, kisha akajaza karatasi nzima kwa usiku mmoja, hakupima kitu, amekisia tu.

Ni lazima pia aujue mpaka baina ya kufundisha na kutenda. Kumwambia mwanafunzi kwamba mimea yake imesongamana ni kufundisha. Kuingia katika kitalu chake na kuipunguza ni kufanya mtihani wake. Kumwonyesha mwanafunzi wa Kompyuta jinsi ya kutafuta kosa ni halali. Kulisahihisha kosa hilo kwa vidole vya mwalimu si halali. Mpaka huo wawahusu wafanyakazi wengine vile vile: mtunza shamba anayemwagilia kitalu cha mtoto mmoja kwa upendeleo, au fundi wa kompyuta anayetoa kazi ya mwaka uliopita ili inakiliwe, wameharibu mtihani hata kama hawakupokea senti.

Kazi zote na kumbukumbu zake zihifadhiwe mahali salama. Kazi ya kompyuta isiachwe katika mashine moja tu, kwani mashine hufa. Alama nazo zifikishwe kwa Baraza kabla ya tarehe iliyowekwa, na mtu wa pili azilinganishe na daftari kabla hazijapelekwa. Tarakimu moja iliyoandikwa vibaya yaweza kumgharimu mtoto nafasi yake ya masomo ya juu.

Jua linapokausha

Katika pwani hii mvua kubwa hutazamiwa toka mwezi wa Aprili. Maagizo yafikapo mwanzoni mwa mwaka, upepo wa kaskazi ungali ukivuma na ardhi ni kavu. Shule iliyo karibu na mto Sabaki yaweza kupata maji, bali iliyo Ganze au bara ya Magarini ina taabu nyingine. Ukame wa tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa mwaka 2023 uliwaonyesha watu wa sehemu hizo kwamba mvua yaweza kukosekana msimu baada ya msimu.

Na ichukuliwe mfano wa msichana aliyetayarisha ardhi vizuri, akapanda kwa mistari, akapalilia kwa wakati, kisha jua likaunguza mimea yake au mbuzi wakaila usiku. Mwalimu aliyeandika alama za kila hatua ana ushahidi wa kazi ya msichana huyo, na aweza kumwarifu mwalimu mkuu kwa barua siku ile ile, ili Baraza liulizwe la kufanya. Mwalimu ambaye hakuandika kitu amebaki na mambo mawili tu: kumnyima haki yake, au kumbunia alama. Yote mawili ni dhuluma.

Wazazi nao

Hutokea mzazi akaenda shuleni na kusema kwa upole, “Mwalimu, huyu ni mwanao pia, msaidie.” Maneno hayo ni ya heshima, na jibu lake linaweza kuwa la heshima vile vile: “Mzee, nitamsaidia kwa kumfundisha, alama atazipata mwenyewe.” Mzazi ana njia nzuri za kusaidia. Amwachie mtoto nafasi ya kwenda kuangalia kitalu chake, amnunulie daftari la kumbukumbu, tena asimtafutie mtu wa kumfanyia kazi kwa malipo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 imeweka adhabu kwa udanganyifu wa mitihani, na Baraza lina uwezo wa kufuta matokeo. Matokeo yakifutwa, anayeumia kwanza ni mtoto.

Amana inazidi kuwa kubwa

Mtihani wa KCSE ulianza kufanywa mwaka 1989, chini ya mpango wa 8-4-4. Katika mpango wa elimu uliofuata, kazi zinazopimwa shuleni zimepewa uzito zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walipofanya mtihani wao mwaka 2025, sehemu 20 katika kila 100 za alama zao zilitokana na kazi walizopimwa na walimu wao katika Gredi ya 7 na ya 8.

Kwa hiyo daftari la mwalimu limekuwa sehemu ya cheti cha mtoto. Mwalimu akimpa mmoja alama asizostahili, hakumfadhili huyo tu. Amemshusha yule aliyeamka alfajiri kuchota maji ya kumwagilia mimea yake, na ambaye hana mtu wa kumsemea. Huyo ndiye ambaye kila mfanyakazi wa shule yafaa amkumbuke ashikapo kalamu.