Kujiandaa kwa Safari ya Kuvua Samoni: Leseni, Maji na Chungu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba, samoni huondoka Ziwa Ontario na kupanda mto uitwao Salmon River, unaopita katika mji wa Pulaski, jimbo la New York. Kilele cha msafara huo huwa kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, majani ya miti yanapoanza kupukutika. Kutoka Syracuse, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimefanya makazi, mto huu uko umbali wa kilomita 60 hivi kwa barabara kuu ya 81. Haishangazi, basi, kwamba watu waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, Uvira, Bujumbura au Kigoma, huvutiwa na safari hiyo mara tu wanapoisikia.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili yao. Hatukusudii kumfundisha mvuvi namna ya kushika mshipi. Tunakusudia kumwonyesha kwamba mambo matatu yanayoweza kumgharimu fedha, uhai au afya ya watoto wake huamuliwa kabla hajaondoka nyumbani. Mambo hayo ni leseni, hali ya maji, na chungu kitakachompokea samaki.

Samaki huyu ni nani?

Samoni wanaovuliwa hapa kwa wingi ni wa aina mbili: Chinook, aliye mkubwa zaidi, na Coho. Asili yao ni Bahari ya Pasifiki. Walipandikizwa katika Ziwa Ontario mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa ili wapunguze samaki wadogo waliokuwa wamefurika ziwani. Kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya samaki, kilichofunguliwa mwaka 1980 katika kijiji cha Altmar, huendelea kuwapandikiza hadi leo.

Chinook huishi ziwani kwa miaka kadhaa akila samaki wadogo, kisha hurudi mtoni kutaga mayai, na baada ya kutaga hufa. Msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirudia: samaki aliye mtoni Oktoba amekulia ziwani, na yote aliyokula huko angali anayo mwilini.

Jambo la kwanza: leseni na kanuni

Kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anapaswa kuwa na leseni yake mwenyewe ya kuvua. Leseni ya baba haimfuniki mke wala kijana wake. Wakati tunaandika somo hili, mkazi wa jimbo hulipa dola 25 kwa leseni ya mwaka mzima, au dola 5 kwa siku moja. Asiye mkazi hulipa zaidi. Mkazi ni mtu aliyefanya makao ya kudumu katika jimbo kwa zaidi ya siku 30.

Tuchukue mfano. Baba, mama, kijana wa miaka 17 na mtoto wa miaka 12 wanataka kuvua Jumamosi moja tu. Leseni zinazohitajika ni tatu, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 hahitaji. Kwa leseni za siku moja watalipa dola 15, na kwa leseni za mwaka watalipa dola 75. Leseni ya mwaka hudumu siku 365 tangu ilipokatwa. Kwa hiyo anayekusudia kuvua pia wakati wa kiangazi kijacho apige hesabu kabla ya kulipa. Leseni hupatikana katika ofisi za karani wa mji, katika maduka mengi ya vifaa vya uvuvi, na kwa njia ya intaneti.

Ziko kanuni nne ambazo mgeni huzivunja bila kukusudia.

Ya kwanza ni ya usiku. Ziwa Tanganyika, wavuvi wa dagaa hutoka giza likiingia, nao huwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Katika Salmon River uvuvi hukoma nusu saa baada ya jua kuzama, na huruhusiwa tena nusu saa kabla ya jua kuchomoza.

Ya pili inahusu ndoano. Samoni wanapojazana mtoni ni rahisi kuivuta ndoano kwa nguvu ikamchoma samaki tumboni au mgongoni. Kuvua hivyo ni kosa. Samaki aliyenaswa mahali pengine popote nje ya mdomo hurudishwa majini papo hapo, hata kama ameingia bila wewe kutaka.

Ya tatu ni ya mahali. Si kila ukingo wa mto ni wa umma. Tafuta vibao vya rangi ya manjano vinavyotangaza haki ya umma ya kuvua. Sehemu ya chini ya mto, kuelekea ziwani, ina eneo la mtu binafsi linaloingiwa kwa kulipia. Huko Altmar zipo sehemu mbili ambazo samaki wote hurudishwa majini na chambo kinachoruhusiwa ni nzi wa bandia tu.

Ya nne ni ya biashara. Leseni hii ni ya burudani na chakula cha nyumbani. Haimpi mvuvi ruhusa ya kuuza samaki wala mayai yake.

Idadi ya samaki wanaoruhusiwa kwa siku, urefu wao, na ukubwa wa ndoano huweza kubadilika. Kitabu cha kanuni cha Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya jimbo hutolewa bure. Kisome cha mwaka huu. Usitegemee alichokumbuka jirani kutoka mwaka juzi.

Ukimkodi mwongozaji

Anayepokea malipo ili awaongoze watu kuvua sharti awe na leseni ya uongozaji ya jimbo la New York, ambayo hutolewa kwa mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na ya usalama majini. Omba kuiona kabla ya kutoa fedha. Kisha ulize, na majibu yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: bei ni ya mtu mmoja au ya mashua nzima? Je, vifaa na mavazi vimo ndani ya bei? Arubuni itarudishwa ikiwa maji yatakuwa makubwa mno? Anayekataa kuonyesha leseni, au anayetaka fedha zote mapema bila stakabadhi, tafuta mwingine.

Jambo la pili: maji

Salmon River hutegemea mabwawa ya umeme yaliyo juu ya Altmar. Maji yakifunguliwa huko, mto wa chini hupanda, hata kama hakuna tone la mvua lililonyesha Pulaski. Kina cha magoti saa mbili asubuhi chaweza kuwa kina cha kiuno baadaye, na aliyevuka kwenda ng'ambo akakosa njia ya kurudi.

Kwa hiyo, jioni ya kuamkia safari na tena asubuhi yake, tazama taarifa ya mtiririko wa maji inayotangazwa kwa ajili ya mto huu. Hutolewa kwa futi za ujazo kwa sekunde, na kwenye taarifa hizo huandikwa kwa herufi CFS. Kuanzia Septemba hadi Desemba, kiwango cha chini kinachoachiliwa ni 335. Namba ikiwa maradufu ya hiyo au zaidi, anayeanza asiingie majini. Avue akiwa amesimama ukingoni, au aahirishe. Ukiwa mtoni, chagua jiwe moja lililo juu ya maji na ulitazame mara kwa mara. Likianza kufunikwa, au majani na vijiti vinavyoelea vikiongezeka ghafla, toka mara moja.

Hatari ya pili ni baridi. Maji ya Oktoba humnyang'anya mtu joto haraka kuliko upepo, na anayejua kuogelea vizuri hushindwa na mikono yake baada ya dakika chache. Maandalizi ya lazima ni haya: suruali ya kuvulia isiyopitisha maji, ikifungwa mkanda kiunoni ili isijae maji ukianguka, viatu vyenye meno ya chuma, kwa kuwa mawe ya mto huu huteleza, fimbo ya kujishikiza, miwani ya kukinga macho na ndoano za wengine, na nguo kavu ndani ya gari. Vaa jaketi la kuokolea maisha. Katika mashua ndogo ya chini ya futi 21, sheria ya jimbo hulilazimisha kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1, lakini maji ya Oktoba hayana huruma zaidi.

Mtu akianza kutetemeka asiweze kujizuia, ulimi ukawa mzito au vidole vikashindwa kufunga kifungo, safari imekwisha. Mtoeni kwenye maji, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa vikavu, na pigeni simu 911.

Jambo la tatu: chungu

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie. Samoni wa dukani na samoni wa mto huu si kitu kimoja. Ziwa Ontario lilipokea kemikali za viwanda kwa miaka mingi, zikiwemo PCB, mirex na dioksini. Kemikali hizo hazionekani, hazinuki, wala hazibadilishi ladha. Hukaa katika mafuta ya samaki, na huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyowala wadogo. Mwilini mwa binadamu hubaki miaka mingi, na mama huweza kumpa mtoto akiwa tumboni au kwa maziwa. Mtoto ndiye anayedhurika zaidi, kwa kuwa ubongo wake ungali unakua.

Kwa sababu hiyo Idara ya Afya ya jimbo hutoa ushauri wa kiasi gani cha samaki wa ziwa hili kinaweza kuliwa. Ushauri huo unahusu pia mito inayoingia ziwani, mpaka kizuizi cha kwanza ambacho samaki hawawezi kukipita. Salmon River imo. Ushauri ni mkali zaidi kwa wanawake wa chini ya miaka 50 na watoto wa chini ya miaka 15 kuliko kwa wengine. Soma ule wa mwaka huu, kwa jina la samaki na kwa umri wa kila atakayekaa mezani, kabla ya safari.

Mapishi yetu yanataka mabadiliko. Nyumba nyingi hupika samaki mzima, na kichwa chake na ngozi yake, na mchuzi hunywewa hadi tone la mwisho. Kwa samaki huyu, mchuzi ndimo mafuta yalimoingia, na kemikali pamoja nayo. Toa minofu. Ondoa ngozi, mafuta ya tumboni, mafuta ya mgongoni, na ukanda wa nyama nyeusi ulio ubavuni. Tupa kichwa na matumbo; usile mayai. Mwoke au mchome juu ya wavu ili mafuta yadondoke, na mafuta hayo yasitumiwe tena. Ukimkaanga, mwaga mafuta ya kukaangia. Kumkausha kwa moshi akiwa mzima hakuondoi kemikali. Njia hizi hupunguza madhara, haziyafuti. Ndiyo maana kiasi kinabaki kuwa jambo la kwanza.

Tupige hesabu. Mlo mmoja, kwa kipimo cha ushauri huo, ni nusu ratili, yaani gramu 225 hivi. Tuseme Chinook mmoja ametoa kilo 3.5 za minofu iliyosafishwa. Hiyo ni milo 15. Tuseme tena, kwa mfano tu, kwamba ushauri wa mwaka unamruhusu mtu mzima mlo mmoja kwa mwezi. Wawili watamaliza samaki huyo kwa zaidi ya miezi saba, na minofu ya samoni huanza kupoteza ubora wake katika friza baada ya miezi miwili au mitatu. Samaki mmoja ni wengi. Anayerudi na watatu amebeba mzigo ambao familia yake haitaweza kuula kwa usalama, na pengine atamgawia jirani mjamzito asiyejua ametoka wapi. Ukigawa, eleza asili yake.

Hatusemi familia ziache kula samaki. Samaki ni chakula bora, na wako wengi wa dukani na wa maji mengine wanaofaa kuliwa mara nyingi zaidi. Samoni wa Oktoba avuliwe kwa furaha, arudishwe majini kwa upole, na akichukuliwa, awe mmoja.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani katika nyumba yetu anayehitaji leseni, na ipi ina nafuu kwetu?
2. Nani atatazama kiwango cha maji asubuhi, na ni namba gani itatufanya tuahirishe?
3. Kwa umri wa kila mmoja wetu, ushauri wa afya wa mwaka huu unaruhusu milo mingapi?
4. Tukimleta samaki, nani atatoa minofu, na mafuta yatamwagwa wapi?