Kukabidhi Kazi Si Kukabidhi PIN

Tuseme una duka la pembejeo Kitale na tawi dogo Bungoma. Mvua za Machi zikianza, wakulima wanapanga foleni kutafuta mbegu na mbolea, na wewe huwezi kuwa pote pawili. Unamwachia mfanyakazi simu ya duka, unamwambia PIN, kisha unapanda matatu ya Webuye kwenda kuangalia tawi.

Ukirudi, hesabu ina pengo la shilingi 6,000. Sasa nani aulizwe? PIN anaijua mfanyakazi, anaijua ndugu yako, na wewe pia unaijua. Huwezi kuthibitisha nani alitoa pesa, na mfanyakazi naye hawezi kuthibitisha kwamba si yeye. Hapo ndipo watu wengi waaminifu hupoteza kazi.

Somo letu leo linatoka kwenye usimamizi: jinsi ya kumkabidhi mtu kazi vizuri.

Mambo matatu yanayokwenda pamoja

Mwaka wa 1916, Henri Fayol, mhandisi wa migodi kutoka Ufaransa, alichapisha kanuni 14 za usimamizi. Moja inasema mamlaka na wajibu haviachani. Ukimpa mtu kazi, mpe pia uwezo wa kuifanya, halafu awe tayari kuulizwa juu yake. Kwa hivyo hakikisha una haya matatu:

1. Jukumu: ni kazi gani hasa? "Angalia duka" haitoshi. Sema: "Pokea malipo, andika kila mauzo, funga hesabu saa kumi na mbili jioni."
2. Mamlaka: anaruhusiwa kuamua nini bila kukupigia simu? Kwa mfano, anaweza kulipa boda wa kubeba mifuko hadi shilingi 1,000 kwa siku. Zaidi ya hapo, akuulize kwanza.
3. Uwajibikaji: atakuonyesha nini mwisho wa siku, na wewe utakiangalia lini?

Ukimpa jukumu bila mamlaka, atakupigia simu kila dakika tano na wateja watahama. Ukimpa mamlaka bila uwajibikaji, umemwachia pesa na kumwombea heri tu.

PIN inaingia wapi?

PIN ni kama sahihi yako. Chochote kinachofanywa nayo kinahesabika kwamba umekifanya wewe. Mfanyakazi anayepokea malipo haihitaji. Mteja alipe kwa namba ya tili ya duka, mfanyakazi aone malipo yameingia, basi. Kutoa pesa kubaki kwako. Kama huduma unayotumia inakuruhusu kusajili msaidizi, msajili kwa jina lake na awe na PIN yake mwenyewe. Hapo kila muamala una mwenyewe, na mtu mwaminifu ana ushahidi wa kumtetea.

Bosi awe mmoja

Kanuni nyingine ya Fayol: mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja. Kwa maduka yetu ya kifamilia hii ni ngumu kidogo. Mama anasema usikopeshe mtu mbolea, baba anapiga simu akisema mpe jirani mifuko miwili. Kijana wa dukani afuate nani?

Walaghai wanaipenda sana nafasi hiyo. Mtu anapiga simu: "Mimi ni ndugu ya bosi, nitumie elfu tano haraka." Kubalianeni mapema kwamba maagizo ya pesa yanatoka kwa mtu mmoja. Simu yoyote ya haraka ikija, mfanyakazi akate, kisha ampigie mwenye duka kwa namba anayoijua.

Hesabu ya jioni

Chukua daftari la mauzo na taarifa ya tili. Mfano:

- Mauzo kwenye daftari: 42,300
- Iliyoingia kwenye tili: 31,500
- Pesa taslimu: 10,000
- Boda, na risiti ipo: 800

Tili, taslimu na boda ukijumlisha unapata 42,300. Siku imefungwa. Kama hazilingani, ulizaneni jioni hiyo hiyo, kila mtu akiwa bado anakumbuka. Ukingoja wiki mbili, swali linageuka kuwa shutuma.

Chama nacho?

Ni vilevile. Mweka hazina ashike pesa, katibu aandike, na mwenyekiti aidhinishe. Mtu mmoja akifanya yote matatu, hata akiwa malaika, wanachama hawana njia ya kujua.

Fanya hivi wiki hii

- Badilisha PIN kama kuna mwingine anayeijua.
- Andika majukumu ya kila mfanyakazi kwenye karatasi moja, pamoja na kiwango anachoruhusiwa kutumia.
- Chagua saa ya kufunga hesabu, na uiheshimu hata siku ya soko.

Mfanyakazi wako akikuuliza kwa nini umebadilisha PIN, mweleze ukweli: inamlinda yeye pia.