Kopo lenye alama ya mionzi: niseme au ninyamaze?

Swali: Nakusanya vyuma chakavu Bunda na Butiama, nauza Musoma. Nikikuta kopo zito la risasi lenye alama ya feni nyeusi kwenye njano, niripoti wapi? Naogopa kunyang'anywa mzigo.

Jibu: Usilifungue, usilikate, usilipakie. Kaa mbali, zuia watu, kisha ita polisi au ofisi ya mtaa waiarifu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), mdhibiti aliyewekwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Gharama ya kuchelewa inajulikana. Goiânia, Brazil, Septemba 1987, waokota vyuma walibomoa mashine ya kutibu saratani iliyotelekezwa. Unga wake wa sesiamu-137, uliong'aa buluu gizani, ukagawiwa ndugu na majirani. Zilipita kama wiki mbili kabla mamlaka hazijajua. Watu 4 walikufa na 249 walikutwa wamechafuliwa na unga huo.

Utasema kopo ni pesa yako. Kweli, lakini mionzi haionekani wala hainuki, na likipasuliwa utapoteza yadi nzima, si kopo moja. Kuhusu lawama, wajibu wa kulitunza na kuripoti likipotea ni wa mwenye leseni ya kifaa hicho cha mionzi. Wewe unayewahi kusema ni shahidi, ila ukilificha unajitia mwenyewe kwenye kesi. Na likikutwa tupu? Umepoteza saa chache tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.